Ngazi Isiyo na Msumari

Kwako mdogo wangu, mama wa Mwalimu wetu,

Pokea salamu za kujaza gunia, na nyingine zilizokosa nafasi nimezifunga kwenye leso. Natumai barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji na watoto, na lile goti lako la kushoto limeacha ukorofi. Ikikukuta umesimama, tafadhali kaa. Ikikukuta na jirani aliyekuja kuomba chumvi, mpe chumvi aende zake, kisha ndiyo usome. Sikupiga simu kwa sababu nakujua, simu unaiweka mezani sauti juu, nyumba nzima inasikiliza kama redio, na yaliyomo humu si ya redio.

Ukitaka kujua hali yangu, mimi ni chuma cha reli. Miaka hamsini na minne na bado nabeba kochi la watu watatu kichwani, peke yangu, huku nasalimia watu njiani. Mwezi uliopita nilipimwa presha pale zahanati. Daktari akakiangalia kipimo, akaniangalia mimi, akawaita wenzake wawili waje waone. Alisema hajapata kuona kitu kama kile. Kama alimaanisha kizuri au kibaya sikukaa kumuuliza, nilikuwa na kazi.

Kazi zipo. Karakana bado iko palepale nyuma ya duka la vioo, na sasa ninavyoandika nimekalia sponji la mteja, sindano kubwa nimeichomeka kwenye kola. Juzi nilitengeneza kochi refu hata lilipoingizwa sebuleni kwa mwenyewe, ncha moja ilibaki barabarani, na watu wakawa wanalikalia wakisubiri usafiri. Najua umeshaanza kutikisa kichwa. Tikisa tu, mdogo wangu, leo nakuachia bure. Lakini kuna moja la kweli nimelibeba muda mrefu, na kabla ya barua hii kwisha nitalitua.

Kwanza habari za binti yako, maana ndizo unazozisubiri. Ni mzima, anakula, amenenepa kidogo mashavu. Chumba cha nyuma amekigeuza darasa, ukutani amebandika picha za kila jiwe la kisiwa hiki. Jina la Mwalimu nililompa limemganda, hata muuza mkaa anamwita hivyo, kwa vile hakuna mtu anayesema neno mbele yake asisahihishwe. Mimi naamkiwa shikamoo asubuhi na kusahihishwa jioni.

Sasa, kazi ya kuongoza wageni si kupiga domo kama nilivyodhani. Nilipomchukua miaka miwili iliyopita nilimwambia asiwe na wasiwasi, kama ni kusimulia amekuja kwa bingwa. Kumbe kuna sheria. Ofisi yao inawafundisha kwamba lililo kwenye kumbukumbu unalisema kama lilivyo, lisilo kwenye kumbukumbu ni lazima ulitangulize na "inasemekana." Ukilisahau hilo neno moja, umewadanganya wageni. Nikamwambia sheria hiyo ingekuwepo hapa karakana, mimi ningekuwa bubu. Alicheka, lakini kicheko cha adabu.

Mtihani wa mwisho ni safari ya siku nzima. Mwanafunzi anapewa gari na wageni kumi na wawili, awazungushe sehemu tano za kale, na kati ya wageni hao mmoja ni msimamizi wa ofisi aliyejificha, hajulikani ni nani. Ndugu wa mwanafunzi haruhusiwi kupanda, kwani ndugu watampigia makofi hata akiyasema makaburi kuwa ni mabanda ya kuku. Anayeshinda anapewa beji na kuingizwa kwenye zamu. Anayeshindwa mara mbili, jina lake linakatwa moja kwa moja. Na binti yako, dada, mara ya kwanza alishindwa mwaka jana. Alisema mbio mno, wageni wakaachwa nyuma maneno kama kumi hivi. Hakutaka nikwambie, na mimi nikakwambia mtihani umeahirishwa. Huo ni uongo wangu wa kwanza katika barua hii, na ni mdogo. Weka akiba ya hasira.

Basi siku ya safari ya pili na ya mwisho ikafika, Jumamosi iliyopita. Saa moja asubuhi binti akaja karakana mbio, uso umemshuka. Mgeni mmoja ameumwa, kiti kimoja kiko wazi, na gari lisipotimia watu kumi na wawili safari haihesabiwi. Akaniambia nipande mimi. Nikamkumbusha sheria ya ndugu. Akasema anaijua, kwa hiyo nitapanda kama mgeni. Nikae nyuma, nisiseme neno, na kubwa kuliko yote, nisionyeshe kwamba namfahamu.

"Mjomba, leo hunijui," alisema. Nikamjibu kwamba kazi ya kutokujua naijua vizuri.

Nikavaa suti ile ya kijivu na kofia, nikatoka kama balozi. Kwenye gari nikakaa kiti cha mwisho kabisa, ubavuni mwangu akakaa mama mmoja mtu mzima mwenye kofia pana ya ukindu na kijitabu kidogo cha jalada jekundu. Aliniamkia vizuri, akaniuliza natoka wapi. Dada, wewe unanijua. Mtu akiniuliza swali kwa upole hivyo, kusema ukweli naona kama nimemvunjia heshima. Nikamwambia nimetoka mbali, ng'ambo, nimekuja kupumzisha akili, kwa sababu nina kiwanda cha makochi chenye wafanyakazi arobaini. Akasema hongera. Tulipofika kituo cha pili wafanyakazi walikuwa sitini, na kituo cha tatu nilikuwa nimefungua tawi. Mama yule alikuwa anaitikia tu, mara mojamoja anaandika kwenye kijitabu chake. Nikadhani anaandika anwani ya kiwanda.

Lakini binti yako! Laiti ungekuwepo. Alianza na uwanja wa wasokota kamba, wale akina mama wanaosokota makumbi ya nazi kwa viganja na mapaja. Alieleza makumbi yanavyofukiwa kwenye tope mpaka yalainike, miezi mingapi, kwa nini tope la pwani na si la bondeni, yote bila kusoma karatasi. Safari hii alisema taratibu. Akamkaribisha bibi harusi mmoja, walikuwepo maharusi wapya, asokote mwenyewe, na kamba ilipomkatikia wale akina mama wakamwambia mumewe ashukuru, mke asiyejua kusokota kamba hatamfunga. Gari zima lilicheka. Na mimi nilicheka, ila kama mgeni.

Kwenye kisima cha mwamba alitulia kimya kwanza, akawaacha watu wasikie maji yanavyodondoka, ndipo akaanza. Kwa wafinyanzi alijibu maswali tisa, nimeyahesabu kwa vidole, na mawili alisema hajui ila atauliza. Nilitaka kupasuka kwa fahari. Unajua ni kazi gani kukaa na fahari mdomoni siku nzima bila kuitema? Kosa nililofanya ni moja tu, kule kwenye kinu cha kale cha miwa. Mzee mmoja mgeni, mpima ardhi mstaafu, aliuliza kama mtu mmoja anaweza kukizungusha bila ng'ombe. Nikajikuta nimesema kwamba mimi niliwahi kukizungusha peke yangu, tena ng'ombe aliyekuwa mgonjwa nimempandisha juu. Watu wakacheka, lakini binti alinipiga jicho. Si jicho lake lile. Lilikuwa jicho la mama yetu, Mungu amrehemu. Nikakunja mdomo mpaka baada ya chakula cha mchana.

Kituo cha mwisho kilikuwa Nyumba Kubwa.

Wewe hukuwahi kufika, kwa hiyo nikueleze. Ni nyumba ya ghorofa tatu, alimoishi mkuu wa kisiwa zamani za zamani, sasa ni ya makumbusho. Ukiingia mlangoni unapokelewa na ngazi ya mbao nyeusi inayopanda kwa kuzunguka kama konokono, vidato hamsini na viwili, na hakuna msumari hata mmoja. Mbao zimeumana zenyewe kwa meno. Ndiyo ngazi ile, dada. Ngazi ya baba. Ile uliyosimuliwa ukiwa na miaka tisa, nawe ukawasimulia wanao, kwamba baba yetu ndiye aliyeichonga, yeye na patasi yake, na wakubwa wakaficha jina lake.

Binti yako akasimama kwenye kidato cha tatu ili aonekane. Akasema nyumba ina miaka mia moja na kumi. Akasema ngazi ya kwanza iliungua moto, ikajengwa hii ya pili. Kisha akaweka mkono juu ya mbao, sauti yake ikabadilika.

"Jina la aliyeijenga hamtalikuta kwenye karatasi yoyote, kwa sababu alikuwa mtu mdogo," alisema. "Alikuwa babu yangu, mzaa mama."

Watu wakapiga makofi. Bibi harusi akatoa kitambaa. Mimi pale nyuma, dada, makofi yalinishinda. Hakutanguliza "inasemekana." Angeitanguliza vipi? Kwake lile halikuwa jambo la kusemekana. Lilikuwa damu yake.

Makofi yalipokwisha, yule mama wa kofia ya ukindu akasogea mbele. Akavua kofia, akafungua kijitabu chekundu, na nikaona kwenye jalada la ndani muhuri wa ofisi yao. Mdogo wangu, watu sitini wa kiwanda changu walikimbia wote kwa pamoja. Yule ndiye aliyekuwa msimamizi.

Hakuwa mkali. Alimwambia binti amefanya kazi safi tangu asubuhi, kisha akamuuliza moto huo ni upi, maana yeye ameisoma kumbukumbu ya nyumba hiyo ukurasa kwa ukurasa kwa miaka thelathini na hajauona moto wala moshi wake. Ngazi ni ileile ya mwanzo, ina umri wa nyumba. Yule mzee mpima ardhi naye akawa anahesabu kwa vidole, akasema kwa heshima tu kwamba babu huyo angekuwa ameijenga kabla hajazaliwa.

Moto ule, dada, niliuwasha mimi. Binti alipoanza masomo aliniletea hesabu hiyohiyo ya miaka, akaniuliza inakuwaje. Mimi shule niliachia darasa la tano, hesabu kubwa za kutoa hatukuwa tumezifikia, na mwongo asiyejua kutoa ana taabu kubwa. Basi nikaunguza ngazi ya kwanza palepale, nikatia kiraka, nikapiga pini. Kochi likapendeza kwa nje.

Msimamizi akamuuliza nani alimwambia habari hizo. Binti akatazama chini. Hakunitazama mimi hata kwa kope. Nikaelewa anachofanya. Angenitaja, angekuwa amepandisha ndugu kwenye gari, na mtihani umekwisha. Asiponitaja, amewadanganya wageni kwa makusudi, na mtihani umekwisha vilevile. Alisimama pale kwenye kidato cha tatu kama mtu aliyefungiwa mlango mbele na nyuma.

Nikanyoosha mkono kama mtoto wa shule. Nikasema hadithi hiyo ni yangu, naisimulia karakana kwangu kwa kila anayeleta kochi, mtaa mzima unaijua, na binti huyu bila shaka aliiokota huko njiani. Nikasema hapakuwa na moto. Nikasema aliyetajwa hakujenga ngazi. Msimamizi akaniuliza kwani mimi si yule mwenye kiwanda ng'ambo. Nikamjibu kwamba kiwanda nacho kisomwe pamoja na moto. Watu wakacheka kidogo, lakini yeye hakucheka. Akamgeukia binti.

"Unamfahamu huyu bwana?"

Dada, nilimtikisia kichwa. Nilisimama nyuma ya yule mama, na kofia mkononi, nikamtikisia binti yako kichwa asiseme. Neno moja tu, hapana, na beji ingeweza kubaki. Kosa lingekuwa la mzee mropokaji wa mtaani, basi. Aliniona. Akashuka vile vidato vitatu, akaja akasimama ubavuni mwangu.

"Ni mjomba wangu," alisema. "Ndugu wa mama yangu. Nakaa kwake, na mimi ndiye niliyemwambia apande."

Kisha akanigeukia, sauti ya chini lakini wote walisikia, akaniuliza babu alifanya kazi gani humu ndani. Nikasema alifagia. Nilidhani atanipiga jicho tena, lakini alisubiri, kama alivyosubiri kisimani. Akauliza alifagia vipi.

Nikamwambia. Alianza juu kabisa, kidato cha hamsini na mbili, amepiga magoti, ufagio mfupi mkono huu na kitambaa kibichi mkono huu, anashuka kinyumenyume, kidato kwa kidato, ili asikanyage alipokwisha kusafisha. Vumbi hakuliachia lidondoke, alilikusanya kwenye karai. Asubuhi mara moja, mchana mara moja. Miaka kumi na tisa.

Binti akarudi kwenye kidato cha tatu. Akawaomba radhi wageni. Akawaambia ngazi hii ina miaka mia moja na kumi, mafundi walioijenga hawakuandikwa majina, na yeye alikosea kumpa babu yake kazi ya watu wengine. Kisha akawaeleza ilivyofagiliwa, karai kwa karai, kama alivyoeleza makumbi na tope. Hakuongeza kitu. Alipowakaribisha kupanda, yule mzee mpima ardhi alirudi mlangoni akafuta viatu, na wengine wakaona, wakaenda nao kufuta.

Msimamizi aliandika kwa muda mrefu. Mwisho akasema hawezi kuandika ameshinda, maana sheria ya ndugu imevunjwa, na hawezi kuandika ameshindwa, kwa sababu tangu aanze kazi hajapata kumwona mwanafunzi akijisahihisha mbele ya wageni. Ataiacha nafasi wazi. Mwisho wa mwezi binti aongoze tena Nyumba Kubwa peke yake, na hapo ndipo itajazwa.

Njiani kurudi binti hakukaa mbele na dereva. Alikuja kukaa na mimi nyuma. Tulipoanza kuona mji akauliza, "Mjomba, na yule nyangumi aliyekuvusha bahari?" Nikasema hakuna nyangumi. Akauliza godoro lililoelea na maharusi. Nikasema hakuna. Akataja na kutaja, mimi nafuta na kufuta, mpaka akafika kwenye ile ya mama yake kumtupia mwalimu mkuu kitabu cha jiografia. Nikamwambia ile ni kweli kabisa. Hakuamini. Anakusubiri wewe umthibitishie.

Sasa nitue mzigo, dada. Umeshajua kwamba baba hakuchonga ngazi, umelisoma hapo juu, na natumai bado umekaa. Lakini kuna kilicho chini yake, na hicho hata binti yako hajui.

Nilijuaje alivyokuwa akifagia? Nilimwona. Unakumbuka ile likizo nilipokuwa na miaka kumi na miwili, baba akanichukua kuvuka naye kuja huku, na wewe ukalia siku mbili kwa sababu umeachwa? Alitaka nione kazini kwake. Njia nzima alikuwa ananieleza ngazi hiyo kama mtu anayeeleza mtoto wake mwingine. Nilifika pale mchana, nikasimama chini, yeye yuko kidato cha kumi hivi, anashuka kwa magoti, mgongo kwangu. Akaingia bwana mmoja nadhifu na watoto wake wawili wa umri wangu, wamevaa viatu vyeupe. Bwana yule akaniona nimesimama peke yangu, akaniuliza kwa wema tu, si kwa dharau, kama yule anayefagia ni baba yangu.

Nikasema, "Simjui."

Baba alisikia. Nakwambia alisikia, kwa sababu ufagio ulisimama. Kisha akajisogeza ukutani akatupisha, bila kunitazama, akasema, "Piteni, vijana, angalieni, pana maji." Vijana. Na mimi nikapita na wale watoto, nikapanda mpaka juu, kwenye ngazi ileile, dada, ambapo binti yako alikuja kusimama ubavuni mwangu.

Hakuniuliza kitu hata siku moja. Alinirudisha nyumbani, akanisifia kwa mama kwamba sikusumbua. Mwaka uliofuata akafariki. Akatokea mtoto yule wa nyumba ya kona, akakuita mtoto wa ufagio mbele ya darasa, nawe ukasema shule huendi tena, ukajifungia, mama akashindwa. Mimi ndiye niliyekaa mlangoni kwako nikakwambia kwamba ufagio ulikuwa wa kuficha watu macho, kwamba baba alikuwa fundi mkuu na ngazi ni yake. Ukafungua mlango. Ukarudi shule kichwa juu, ukasoma mpaka ukafika nisikofika. Siku zote nimejiambia uongo ule niliutunga kwa ajili yako. Nusu ni kweli. Nusu nyingine nilimpandisha cheo mtu niliyemkana, nikidhani atakuwa amesamehe.

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa na urefu wa miaka arobaini na moja, na ikaishia kwenye vidato hamsini na viwili.

Najua nilichokuvunjia. Ulimsifu baba hivyo mbele ya wakwe zako. Shemeji amempa mwanao wa kwanza jina la baba kwa ajili ya ufundi. Na kijana mwenyewe amefungua useremala na kuandika mlangoni "Mjukuu wa Fundi Ngazi." Kibao hicho kimeniumiza kichwa kuliko yote. Mwambie ubao wenyewe ni mzuri, asiutupe, maneno yanapigwa randa.

Ninachokuomba si msamaha kwanza. Msamaha utakuja ukiiva wenyewe. Ninachokuomba ni jibu, tena kabla ya mwisho wa mwezi. Binti anataka, siku ile ya kuongoza, aseme tena habari za babu yake mfagizi mbele ya wageni. Msimamizi amemruhusu, kwa sababu majina ya wafagizi yalipatikana kwenye daftari la kazi la nyumba ile, na la baba limo, tumeliona, limeandikwa vizuri kwa wino wa bluu. Lakini binti amesema hatafungua mdomo bila idhini yako, maana ni baba yako kabla hajawa babu yake. Ukisema asiseme, atasema ya mbao na miaka tu, na hatakulaumu, wala mimi. Mwandikie yeye mwenyewe. Na hilo la kumkana baba, kama unaona anapaswa kujua, mwambie, mimi ulimi wangu umefika mwisho kwenye barua hii.

Nami siku hiyo nitakuwepo. Sipandi gari safari hii. Nimeomba ruhusa, nimepewa, nitasimama chini ya ngazi kimya na kofia mkononi. Akitokea mgeni akaniuliza yule aliyekuwa akifagia hapa ni nani yangu, nina jibu lake.

Msalimie shemeji kwa heshima zote, watoto mmojammoja kwa jina, na jirani wa chumvi kama amerudi. Goti lisugue kwa maji ya moto, usilifunge sana.

Ni mimi kaka yako wa pekee,
fundi makochi, nyuma ya duka la vioo,
wafanyakazi mmoja.